Mizania ya Helena

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa kabati la somo la utunzaji wa vitabu vya hesabu. Kabati lenyewe halifungiki tangu kitasa chake kilipovunjika miaka mingi iliyopita, lakini makabidhiano ni makabidhiano, na Mwalimu Neema alitia saini kupokea. Nilimkabidhi rula ndefu ya mninga, kaunta buku kumi na moja, nusu boksi ya chaki, na penseli ya rangi mbili, nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili.

"Mzee, na hii penseli ni ya shule?" aliniuliza.

"Ni yangu. Lakini iandike."

Alicheka, akaandika. Neema ana shahada ya uhasibu. Mimi niliacha shule nikiwa kidato cha pili.

Siku hiyo yeye na wenzake wawili wa idara ya biashara waliniomba niwaandikie jinsi nilivyofundisha somo hili kwa karibu miaka ishirini bila cheti. Vyeo sina vya kusimulia, maana sikupanda hata kimoja, na habari za malipo yangu zinatosha kwenye mstari mmoja: mara nyingi yalikuwa mahindi. Kwa hiyo nitasimulia kazi. Chini kabisa ya kabati palikuwa na karatasi moja ambayo sikuiingiza kwenye orodha. Neema aliiona, akaisoma, akasema maneno machache. Bila maneno hayo nisingeandika chochote. Nitayafikia kwa mpangilio wake.

Niliacha shule kwa sababu nilitaka kujua barabara ya Singida inaishia wapi. Haiishii. Nilikuwa utingo wa lori, nikapakia vitunguu, nikakusanya chumvi kando ya Ziwa Balangida, nikamsaidia fundi baiskeli pale Katesh mpaka nikaweza kufungua na kufunga gurudumu huku nikiongea na mteja, kisha nikaondoka kwa kuwa hapakuwa na jipya. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu. Kitu nilikipenda mpaka siku nilipokielewa.

Bohari la shamba moja kubwa la ngano upande wa Basotu lilinishika kuliko vyote, na sababu ilikuwa mtunza bohari. Aliitwa Mzee Baha, Mwiraqw kutoka Mbulu juu, mtu wa kuvaa koti hata jua lilipokuwa linapasua udongo. Mimi nilichukuliwa kubeba magunia. Siku ya tatu nilimuuliza kwa nini kila gunia analiandika mara mbili.

"Gunia hili limetoka wapi?" akaniuliza yeye.

"Kwenye lori."

"Na kwenye lori lilitoka wapi?"

"Shambani, mzee."

"Basi shamba limetoa, bohari limepokea. Mambo mawili, mistari miwili. Ukiandika mara moja tu, umeandika uvumi."

Nimesoma vitabu kadhaa vya uhasibu baada ya hapo, vingine vinene kama tofali, na sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi.

Penseli ya rangi mbili ilikuwa yake. Buluu alitia alama kwenye kitu alichokihesabu kwa mkono wake mwenyewe. Nyekundu ilikuwa ya kusahihisha kitabu. Siku moja niliona kadi ya mbolea inasema mifuko mia mbili na kumi, na mimi nikitazama naona lundo limefika karibu na bati. Nikashika penseli upande mwekundu. Mzee Baha akanishika mkono.

"Umekwenda kuhesabu?"

"Inaonekana tu, mzee. Ni zaidi."

"Kuonekana siyo kuhesabu. Nenda. Ukirudi bado unaitaka nyekundu, nitakupa."

Nilikwenda. Mbolea ilikuwa mifuko mia mbili na kumi kamili. Ile iliyoongeza lundo ilikuwa mali ya mwenye lori mmoja aliyeomba imwekewe mpaka mvua ipungue.

"Na hii hatuiandiki?" nikamuuliza.

"Si yetu. Utaiandikaje kwenye kadi yetu?"

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa na haraka ya kurudi kupata chai.

Soko lilipofunguliwa na mashamba ya umma yakaanza kuuzwa, shamba letu lilisimama kidogo kidogo. Kwanza matrekta, kisha watu. Siku ya mwisho Mzee Baha alinifanya nihesabu magunia matupu, moja moja, hata yaliyotafunwa na panya. Nilimuuliza nani atayasoma hayo. Akasema hilo si swali la mtunza bohari. Alitia saini chini ya ukurasa, akavua miwani, akanipa penseli na rula ya mninga, akapanda gari la kwenda Mbulu. Nilisikia kwamba amefariki nikiwa Tabora, nikiuza asali. Sikumzika. Nimeandika hapa ili iwe mahali fulani.

Nilirudi Katesh mwaka ule Manyara ilipokatwa kutoka Arusha. Nakumbuka kwa sababu barua yangu ya kwanza ya kazi ilipigwa mhuri wenye jina la Arusha, likakatwa kwa kalamu na kuandikwa Manyara kwa mkono. Barua hiyo niliipata mnadani. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia nikichora leja ya mfanyabiashara wa alizeti, mama mmoja mrefu akasimama nyuma yangu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Wewe unajua leja?" akauliza.

"Najua bohari, mama."

"Ni kitu kimoja?"

"Bohari ni leja yenye panya."

Hakucheka. Aliitwa Mama Paskalina, mkuu wa shule mpya ya kata upande wa Mogitu, shule yenye madarasa mawili na madawati ya darasa moja. Somo la vitabu vya hesabu lilikuwa kwenye ratiba, mwalimu hakuwapo. Jumatatu nilikuwa mbele ya wanafunzi hamsini na wawili, na shati la kuazima.

Somo letu linafundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa kile kinachoandikwa kwenye magunia ya mbolea. Kwa hiyo siku ya kwanza nilinyamaza nikachora. Nilichora mstari mrefu wa kulala, na katikati yake mstari wa kushuka: umbo la akaunti, kushoto debiti, kulia krediti.

Mkono ukainuka nyuma. "Mwalimu, huo msalaba mbona hauna kichwa?"

Darasa likaanguka kicheko. Mwenzake akamjibu, "Kichwa kimeuzwa mnadani."

"Sawa," nikasema. "Kama kimeuzwa, kitu gani kimetoka na kitu gani kimeingia?"

Mmoja akasema kichwa kimetoka. Mwingine akasema hela imeingia. Nikaandika kila upande. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii nitaipenda muda mrefu.

Mambo madogo ya kazi, kwa faida ya vijana. Msiwape wanafunzi vikokotoo kabla hawajajumlisha safu tatu kwa kichwa. Mkikosa rula, waya wa gurudumu la baiskeli unanyooka vizuri kuliko rula za plastiki zinazouzwa mjini. Anzisheni duka la darasa, hata kama linauza peni na ubuyu tu, maana mwanafunzi aliyekosa peni mbili kwenye duka lake ataelewa urari, yaani jumla za debiti na krediti, usipolingana, na yule anayesoma habari za bwana fulani wa kitabuni mwenye ofisi na samani hataelewa. Wanafunzi wangu walikuwa hawajawahi kuona samani. Nilifuta samani ubaoni, nikaandika ng'ombe.

Ng'ombe walifanya kazi nzuri mno. Ndama ni faida. Ng'ombe aliyekufa ni hasara. Wanafunzi wa wakulima wa juu na wa wafugaji wa tambarare walibishana kama kuku naye anaandikwa. Nilikuwa nikienda nyumbani nikijisifu njiani peke yangu, na hapo ndipo Helena alipoingia.

Jina la Helena alipewa na mwalimu wa darasa la kwanza aliyeshindwa kuandika jina la kwao. Baba yake, Mzee Gidabasu, alikuwa mfugaji wa Kibarabaig, mtu wa mila zake, na boma lake lilikuwa tambarare, mwendo wa saa moja na nusu kutoka shuleni. Helena alitembea mwendo huo asubuhi na jioni. Alikuwa wa kwanza kumaliza urari, na hakuwahi kuinua mkono kusema amemaliza. Alifunga daftari, akatazama mlima.

Alipokuwa kidato cha tatu nilitoa kazi niliyoiona ya kipekee. Kila mwanafunzi aandike mizania ya nyumbani kwao, yaani ukurasa mmoja: kushoto mali yote iliyopo, kulia wanachodaiwa, na kinachobaki ndicho mtaji wao. Alama ishirini. Wengine waliandika majembe, mmoja akaandika bibi yake upande wa madeni, nikamfutia.

Helena alileta mizania fupi kuliko zote. Ng'ombe walioko bomani, sita. Ng'ombe wetu walioko kwa watu, wanane. Madeni, hakuna. Mtaji, ng'ombe kumi na wanne. Pande mbili zililingana.

Sasa mimi boma lile nililijua. Nilikuwa nimepita pale kwa baiskeli wiki moja kabla, ng'ombe wakinywa maji, nikasimama na mguu mmoja chini mpaka wapite. Nikamwita mbele.

"Helena. Sita?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimepita kwenu. Sita hao vumbi lao ni la ng'ombe arobaini?"

Darasa likacheka. Yeye akatazama chini. "Wengine ni wa watu, Mwalimu."

"Basi ni madeni. Andika. Wote walioko bomani kushoto, wa watu kulia, majina na idadi."

"Hawasemwi."

"Nani hasemwi?"

"Hao wa watu. Kwetu hawasemwi. Na hatuwahesabu hivyo, tunawajua tu."

"Leja haijui mtu," nikamwambia, na naona aibu kuyaandika maneno haya, maana yalinipendeza nilipoyasema. "Kwenye daftari hakuna asiyesemwa."

Nikatoa penseli ya Mzee Baha, nikakata mizania yake kwa mstari mwekundu. Pembeni nikaandika: umeacha ng'ombe wengi.

Alileta ya pili siku ya Ijumaa, kwenye karatasi ileile, chini ya mstari wangu. Bomani, arobaini na mmoja. Kwa watu, wanane. Jumla arobaini na tisa. Kulia, ng'ombe wa watu: mjomba kumi na wawili, rafiki wa baba tisa, mzee wa rika la baba wanane, na mjane mmoja wa Mogitu, aliyemtaja kwa jina lake kamili, sita. Jumla thelathini na watano. Mtaji kumi na wanne. Alikuwa amerudi palepale alipoanzia, kwa njia ndefu, na mimi sikuliona hilo. Nilichoona ni kwamba msichana wa kidato cha tatu ameandika mizania safi ya mali yenye wenye mali wengi. Nikampa ishirini kwa ishirini. Kisha nikaitundika ukutani kwa ajili ya siku ya wazazi.

Nieleze jambo ambalo nilikuwa nimeishi wilayani humo miaka mingi bila kujishughulisha kulijua, mimi niliyeuliza kila fundi kuhusu kila skrubu. Mfugaji wa pale haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Ugonjwa ukiingia boma moja, utaacha wengine. Kwa hiyo anapeleka kwa rafiki watano, kwa shemeji watatu. Anayetunza anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na wote wawili hawasemi. Mtu anayepita haoni mwenye ng'ombe wengi ni nani na maskini ni nani, na hiyo ndiyo heshima ya maskini na usalama wa tajiri. Ng'ombe wale sita wa mjane walikuwa wamefichwa kwa Gidabasu tangu mumewe afariki, ili ndugu wa marehemu wasiwachukue. Walikuwa chakula cha uzee wake.

Siku ya wazazi ilikuwa ya baridi, wingu limekaa kwenye mabega ya mlima Hanang. Mzee Gidabasu alikuja na shuka lake na fimbo, akasalimiana na Mama Paskalina, akaonyeshwa karatasi ya binti yake. Hakujua kusoma. Alisimama mbele yake kwa muda, akaigusa kona kwa kidole kimoja, akaniangalia akatabasamu. Tabasamu lile ninalo mpaka leo.

Wazazi wengi hawakusoma, kwa hiyo watoto waliwasomea. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza, mwenye sauti kali, alikuwa akiwasomea watu karatasi moja baada ya nyingine ukutani, kwa fahari kubwa ya kujua kusoma. Akafika ya Helena. Akasoma mjomba, kumi na wawili. Akasoma rafiki wa baba, tisa. Watu wakaanza kunyamaza, yeye akadhani wanamsikiliza, akaongeza sauti. Akasoma jina la mjane wa Mogitu, ng'ombe sita.

"Rudia hapo," mtu mmoja akasema.

Alikuwa shemeji wa mjane.

Kijana akarudia, polepole, silabi kwa silabi, kama nilivyomfundisha.

Nilimwona Helena mlangoni na trei ya vikombe vya chai. Nilimwona baba yake akigeuka, akatoka, akapita katikati ya watu bila kuaga. Mimi nilikuwa bado natabasamu. Nilidhani mzee ana haja ya kutoka.

Kesho yake asubuhi shemeji alifika bomani na vijana wawili, akachukua wale sita kwa niaba ya ukoo. Baada ya hapo wengine walikuja wenyewe, mmoja mmoja. Hakuna aliyegombana. Mjomba alichukua kumi na wawili wake, akasema tu kwamba kilichokwisha kuandikwa shuleni kitasomwa na yeyote. Kwa muda usiofika wiki mbili walikuwa wameondoka wote thelathini na watano, na maziwa yao.

Nilikwenda kwa baiskeli. Bomani palikuwa na ng'ombe sita, kama mizania ya kwanza ilivyosema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Maziwa hakuna."

Hakusema kwa kejeli. Mgeni hupewa maziwa, na yeye alikuwa ananiomba radhi. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuja kuomba radhi, kwamba karatasi ile ilikuwa ya kufundishia tu.

"Nimesikia. Watu waliisifu," akasema. Alikwaruza ardhi kwa fimbo. "Mwalimu, wewe ng'ombe wako umeweka kwa nani?"

"Mimi sina ng'ombe, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi," akasema, kama mtu aliyepata jibu la jambo lililomsumbua.

Aliniambia wanahama. Watano kati ya wale wanane wake walikuwa kwa ndugu Yaeda Chini, na wale sita wasingetosha kulisha nyumba. Nikamwambia nimetumwa na mkuu wa shule: Helena abaki, akae nyumbani kwa Mama Paskalina mpaka mtihani wa kidato cha nne, asilipe kitu. Mzee alifikiri, akasema, "Muulize mwenyewe. Sitamzuia."

Nimeshika maneno hayo kwa miaka yote, kwa sababu watu wa mjini wakisikia kisa hiki hudhani baba ndiye aliyemkatisha masomo.

Helena alikuwa anafunga vibuyu kwa kamba. Nilimweleza. Aliendelea kufunga.

"Siwezi, Mwalimu."

"Umebakiza mwaka mmoja na nusu. Wewe ndiye wa kwanza darasani."

"Yule mama wa Mogitu ananiita mwanangu. Sketi ya shule alininunulia yeye. Nitapitaje kwake?"

"Mimi ndiye niliyekuambia uandike. Nitakwenda kwake, nitamwambia."

"Mwambie," akasema. "Lakini mwandiko ni wangu."

Nilikwenda kwa mjane. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia asante kwa kufika. Miaka iliyofuata nilikuwa namkuta sokoni Katesh, amekaa chini na mafungu ya mchicha, naye alinisalimia kila mara, habari za shule, habari za watoto. Ningependa angenitukana hata mara moja.

Wakati ule walipohama nilifunga begi. Barabara ya Singida ilikuwa palepale. Nilikaa kituoni, gari moja likapita, la pili likapita. Sikuondoka, na sijifanyi kwamba ulikuwa uaminifu kwa kazi. Kila mahali nilikuwa nimeondoka kwa sababu nilikwisha kuelewa. Hapa palikuwa na kitu nilichokifanya kwa mikono yangu ambacho sikukielewa. Nikarudi, nikafundisha kipindi cha saa nane.

Nilifundisha tena miaka mingi. Mizania ya nyumbani sikuitoa tena. Nilirudi kwenye samani za bwana yule wa kitabuni, na wanafunzi hawakuelewa samani, na wakafaulu hivyohivyo. Kwenye dawati la Helena alikaa mwingine, halafu mwingine. Wapo niliowafundisha ambao leo ni wahasibu wa halmashauri, na mmoja yuko benki Babati, akiniona ananinunulia soda na kuniuliza kama bado nachora misalaba isiyo na vichwa. Karatasi ya Helena ilikaa chini ya kabati. Nilijieleza hivi: hesabu yake ilikuwa sahihi, kosa lilikuwa kuitundika. Maelezo hayo yalinisaidia kulala.

Mpaka siku ya makabidhiano. Neema aliichukua ile karatasi akidhani ni ya zamani ya mtihani, akaisoma akiwa amesimama. Ana macho ya haraka. Akaweka kidole juu ya mstari mwekundu.

"Mzee, huyu mwanafunzi alikuwa sahihi mara ya kwanza. Hawa thelathini na watano aliwekewa tu baba yake. Mali ya amana haiingii kwenye mizania ya anayetunza." Akaigeuza kuangalia nyuma. "Nani alimsahihisha?"

"Mimi."

Akaanza kuhesabu kaunta buku upya, ingawa alikuwa amekwisha kuzihesabu.

Nikamkumbuka Mzee Baha, na mifuko ya mwenye lori. Si yetu, utaiandikaje kwenye kadi yetu. Nilikuwa nimefundishwa. Tena nilikuwa nimekatazwa kushika nyekundu kabla ya kwenda kuhesabu, na boma lilikuwa mwendo wa baiskeli tu. Ningekwenda, ningemsalimu mzee, ningekunywa maziwa, ningeuliza.

Wiki iliyopita nilipanda gari mpaka Haydom, na kutoka Haydom bodaboda mpaka Yaeda Chini. Ile njia si ya mgongo wa umri wangu. Kumpata hakukuwa kugumu. Watu walijua mara moja, maana ndiye anayewasomea barua za halmashauri na ujumbe wa simu.

Helena alikuwa ameinamia mtoto akimfunga shuka. Aliinuka, akanitazama kwa muda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akaingia ndani, akatoka na kigoda na kibuyu. "Maziwa yapo," akasema. Sijui kama alikumbuka. Nilikunywa nikiwa nimefumba macho.

Alinipa habari za baba yake, kwamba amefariki na amezikwa kwa heshima zote. Nikampa pole. Kisha nikatoa karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, ya juu na ya chini, na mdomo ulikuwa unajumlisha.

"Nimekuja kusahihisha," nikamwambia. "Ya kwanza ndiyo ilikuwa sahihi. Hata kwa vitabu. Hawa wa watu hawakutakiwa kuandikwa."

"Nilijua, Mwalimu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkunjo wa shuka lake.

"Nilikuambia," akasema.

Tulikaa. Upande wa bonde vumbi lilianza kuinuka, kengele zikasikika, mtoto wake akakimbia kwenda kufungua lango. Ng'ombe walipoanza kuingia nilisimama, nikageuza kigoda, nikakaa nikiwa nimewapa mgongo mpaka wa mwisho alipopita.